King'amuzi Kimoja Chatosha

Kila mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia benki, huwapo foleni moja isiyoonekana kwa macho. Si foleni ya karo za watoto, wala si ya duka la unga. Ni foleni ya malipo yanayopita ndani ya simu. Askari hulipia king'amuzi cha kwanza, akafuatisha cha pili, akaongeza programu ya filamu za intaneti, na mwisho akanunua bando la kuitazamia programu hiyo. Ifikapo tarehe kumi huwa amekwisha kwenda kwa mwenzake kuazima nauli.

Leo twapenda kuwauliza askari wetu, wa jeshi na wa polisi, walioko Mbarara, Isingiro na kwingineko, swali lililo wazi: je, yafaa kulipia televisheni mbili, tatu au nne kwa wakati mmoja? Jibu letu ni kwamba haifai. Lakini jibu lisilo na sababu ni amri tu, na jambo la mfukoni mwa mtu haliendeshwi kwa amri. Kwa hiyo tutaeleza sababu zetu, na msomaji atapima mwenyewe.

Kwanza ieleweke kwamba hatuipigi vita televisheni. Mtu aliyekesha lindoni au aliyeshinda katika doria ana haki ya kupumzika. Mpira, filamu na taarifa ya habari ni burudani njema kuliko chupa, na humweka mzazi karibu na watoto wake. Tunachohoji ni wingi wa malipo.

Wazee wetu watakumbuka kwamba televisheni ilipoanza nchini Uganda mwaka 1963, kituo kilikuwa kimoja tu. Leo mambo yamegeuka. Mwaka 2015 nchi ilianza kuzima mitambo ya analojia, na king'amuzi kikawa chombo cha lazima kwa aliyetaka kuona picha. Mwezi Januari mwaka 2016 Netflix ilifungua milango yake katika nchi nyingi za dunia kwa mara moja, Uganda ikiwa miongoni mwao. Tangu hapo bidhaa moja imekatwa vipande, na kila kipande kina mwuzaji wake.

Tutazame mpira wa miguu, ambao ndio unaowatoza askari wengi. Ligi Kuu ya Uingereza huonekana kwa SuperSport, yaani kupitia DStv na GOtv. Mwaka 2018 StarTimes ilitia saini na Shirikisho la Mpira la Uganda, FUFA, mkataba wa miaka 10 wa ligi yetu. Mwaka 2021 Azam nayo ilitia saini na shirikisho la Tanzania mkataba wa miaka 10 wa Ligi Kuu ya huko, uliotangazwa kuwa na thamani ya zaidi ya shilingi za Tanzania bilioni 225. Basi mtu anayeipenda Arsenal, akaipenda na Vipers, na moyo wake ukawa pia kwa Simba au Yanga, hujiona hana budi kuwa na ving'amuzi vitatu. Kampuni hizo hazikumdhulumu mtu. Zimenunua haki zao na sasa zinauza. Ni juu ya mnunuzi kujua anachokihitaji.

Na hapo ndipo hesabu inapoanza, nayo haianzi kwa shilingi bali kwa saa. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Toa saa za kazi, za lindo, za gwaride, za usingizi, za kufua na kupika, na za kukaa na mke na watoto. Askari mwenye bahati atabakiwa na saa mbili kwa siku za kutazama televisheni, yaani saa 60 kwa mwezi. Hizo ndizo saa zake zote. King'amuzi cha pili hakimwongezei hata dakika moja. Hugawa tu zile 60 alizokuwa nazo.

Sasa tutie shilingi. Tuchukue mfano wa hesabu tu, wala si bei ya kampuni yoyote, kwamba kila huduma hutoza shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwenye huduma moja hulipa shilingi 500 kwa kila saa anayotazama. Mwenye mbili hulipa shilingi 1,000 kwa saa ile ile. Mwenye tatu hulipa 1,500. Macho ni yale yale mawili, kiti ni kile kile, na usingizi humjia saa ile ile. Kilichoongezeka ni bei. Kwa mwaka mzima mwenye huduma tatu atakuwa ametoa shilingi 1,080,000, ilhali mwenye moja ametoa 360,000. Tofauti yake ni shilingi 720,000. Kila mmoja wetu anajua nyumbani kwake fedha hiyo ingeziba pengo gani.

Kwa filamu za intaneti, hesabu huwa kali zaidi, maana huko mtu hulipa mara mbili: hulipia programu, kisha hulipia njia ya kuifikia. Netflix yenyewe hueleza kwamba saa moja ya picha ya kawaida yaweza kula hadi gigabaiti moja, na ya picha safi zaidi hadi gigabaiti tatu. Filamu moja ya saa mbili, basi, yaweza kumeza gigabaiti sita za bando. Na ndani ya bei ya kila bando imo kodi: tangu Julai 2021 ushuru wa asilimia 12 huwekwa juu ya data, mbali na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Anayesema kwamba programu ya simu ni rahisi kwa kuwa ada yake ni ndogo amehesabu nusu tu ya gharama.

Kuna hasara nyingine isiyopiga kelele. Muda wa king'amuzi huhesabiwa kwa siku, utazame usitazame. Askari hupewa safari kwa saa chache tu. Majeshi yetu yamekuwa Somalia tangu mwaka 2007, na tangu Novemba 2021 yamo mashariki ya Kongo. Polisi naye huhamishwa wilaya kwa barua moja. Aliyeiacha programu ikijikatia fedha yenyewe kila mwezi ataendelea kuilipia akiwa msituni, mahali ambapo haoni hata picha moja. Kadhalika, msimu wa ligi ya Uingereza huanza Agosti na kumalizika Mei. Anayelipa Juni na Julai kwa ajili ya ligi hiyo analipia uwanja mtupu.

Pengine mtu atauliza kwa nini tushughulike na shilingi elfu thelathini za mtu. Twashughulika kwa sababu deni la askari halikai mfukoni mwake peke yake. Aliyepungukiwa kwa mambo madogo madogo hatimaye hugonga mlango wa mkopeshaji wa mtaani. Huko huacha kadi yake ya benki na namba yake ya siri, na mwezi unaofuata mshahara wake hupokelewa na mtu mwingine. Sheria ya mwaka 2016 inayowasimamia wakopeshaji inamkataza mkopeshaji kudai kadi ya benki, kitambulisho cha taifa au kitambulisho cha kazi kama dhamana. Hata hivyo sheria haimwokoi anayeitoa kadi yake kwa mkono wake mwenyewe. Askari ambaye mshahara wake uko mikononi mwa mtu mwingine hana utulivu wa moyo, na asiye na utulivu hafai kupewa bunduki usiku, wala kukabidhiwa lango, wala kuachiwa mahabusu.

Twaweza kujifunza jambo mahali ambapo wengi hawategemei kupata somo. Mtu akiteremka Kabazana jioni ya Jumamosi, katika makazi ya Nakivale yaliyoanzishwa mwaka 1958, atakuta kibanda cha video kimejaa. Wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wenyeji wa Isingiro. Kila mmoja ametoa shilingi chache mlangoni. Skrini ni moja, king'amuzi ni kimoja, nguvu ya umeme yaweza kuwa ya sola, na mechi ni ile ile anayoitazama tajiri wa Kampala. Mechi ikiisha, malipo nayo yamekwisha. Hakuna anayedaiwa kesho. Watu hawa walipoteza mali zao vitani, na mwezi Mei 2025 chakula cha msaada kilisitishwa kwa wakimbizi milioni moja nchini. Wamelazimika kujua thamani ya shilingi, na wanalipia kile tu wanachokitazama. Askari polisi anayelinda usalama nje ya kibanda hicho, ambaye nyumbani ana ving'amuzi vitatu visivyotazamwa, ajiulize ni nani kati yao aliye mwerevu katika jambo hili.

Tunajua jibu la wengi: “Mimi natazama mpira, mama watoto anatazama tamthilia, watoto wanatazama vikatuni.” Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Nyumba si ya mtu mmoja, na mke anayebaki kambini peke yake miezi mingi anastahili burudani kama mumewe. Lakini nyumba nyingi zina skrini moja tu. Huduma moja iliyochaguliwa kwa shauri la wote yaweza kuwa na mpira, tamthilia na vikatuni pamoja. Kinachokosekana mara nyingi ni mazungumzo. Baba hununua peke yake, kisha familia hutafuta chake, na malipo yakawa mawili.

Ushauri wetu, basi, ni huu. Kwanza, lipia huduma moja kwa wakati mmoja. Ukiichoka, iache, uchukue nyingine mwezi unaofuata, filamu haikimbii. Pili, mechi kubwa zitazamwe pamoja katika bwalo au kantini, kwa king'amuzi kimoja kinacholipiwa kwa mchango wa wote, na daftari la mchango liwe wazi kwa kuruta kama lilivyo kwa afande. Tatu, pale mawimbi yanapofika, stesheni za bure zitumike, maana habari za UBC na stesheni nyingine za nchi hazihitaji ada ya mwezi. Nne, kabla ya kwenda safari au kozi, zima malipo yote yanayojikata yenyewe.

Hapa yatupasa kuonya juu ya mambo mawili. Mkusanyiko wa kutazama mpira ni mkusanyiko kama mikusanyiko mingine, nao huhitaji ulinzi. Hatujasahau usiku wa tarehe 11 Julai 2010 mjini Kampala, ambapo watu zaidi ya 70 waliuawa kwa mabomu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Onyo la pili ni juu ya mpira wa wizi. Wapo wanaokwepa gharama kwa kutumia njia haramu za intaneti. Askari hawezi kumkamata mwizi wa kuku mchana, na usiku akaketi kutazama mechi iliyoibwa.

Na ile fedha itakayobaki iende wapi? Jeshi lina chama chake cha akiba na mikopo, Wazalendo. Polisi wana chao, Exodus. Zile shilingi 60,000 za mfano wetu zikiwekwa huko kila mwezi, mwisho wa mwaka zitasimama mahali pa deni. Ndiyo mabati ya nyumba, ndiyo karo ya muhula, ndiyo mbuzi wa kuanzia. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaongeza kwamba haba na haba pia hukimaliza kibaba, kama kina tundu chini.

Jioni ya leo, afande na kuruta, kila mmoja aketi na watu wa nyumbani kwake, aandike katika karatasi huduma zote anazolipia, na mbele ya kila moja aandike saa alizoitazama mwezi uliopita. Ile ambayo saa zake hazijazi vidole vya mkono mmoja, asiilipie tena. Mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi kinachomponyoka askari ni mshahara wake.