KONA YA MZUKA: Nirushie wimbo wako mmoja, nami nikurushie wangu

Mbukwenyi wana! Kwa ninyi mlioshuka juzi juzi na treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024, mkadhani mji huu ni Bunge na vumbi tu, hiyo ndiyo salamu ya wenyeji, na jibu lake ni “mbukwa”. Ukishajibu, vuta kigoda ukae. Leo hatuzungumzii nani kamwacha nani. Leo ni muziki, na siyo ule unaopigwa kila stesheni mpaka kuku wa Chako ni Chako wameukariri.

Kisa chenyewe ni ujumbe wa dada mmoja wa Nkuhungu. Jina nalihifadhi. Mama yake mzazi alifariki miezi michache iliyopita, sasa anaishi peke yake, na akirudi kazini usiku nyumba iko kimya kiasi kwamba anabaki amesimama mlangoni na viatu vyake. Akifungulia redio ni pombe na kuachwa. Akiweka kwaya analia mpaka asubuhi. Anaomba nimtajie nyimbo za kumnyanyua moyo, lakini zisiwe za kumdanganya. Hilo la mwisho ndilo lililonikaa kichwani, maana siyo ombi dogo.

Siyo siri, nyimbo nyingi zinazojiita za kutia moyo zinanichosha. Jamaa anakuimbia usikate tamaa, kesho utafanikiwa, huku kasimama kando ya gari la kukodi. Mtu mwenye msiba hahitaji hotuba. Anahitaji kitu kinachokaa naye kwanza, halafu kinamnyanyua polepole bila yeye kugundua. Muziki wa namna hiyo upo, tena upo mwingi, tatizo haupiti kwenye mlango mkubwa. Wenzetu wa nje wanauita indi, yaani wa watu wasiobebwa na kampuni kubwa. Mimi nauita muziki wa kujitegemea, na Azimio la Arusha linisamehe.

Haya, tuanzie nyumbani. Unaijua ilimba? Ile marimba ya mkono ya Wagogo: sanduku la mbao, juu yake vyuma vyembamba vimepangwa kwa safu, unavichezea kwa vidole gumba. Kwenye tundu za sanduku hubandikwa utando wa buibui, na huo ndio unaoleta ule mlio wa kuzizima, kama nyuki waliofungiwa ndani. Vijana wa mjini wakiusikia wanadhani spika imekufa. Kumbe mlio huo umetafutwa kwa makusudi, bila utando ilimba inakuwa kama chai isiyo na sukari. Na wataalamu kama Gerhard Kubik wa Austria wameandika kuwa mpangilio wa sauti za Kigogo unafuata zile sauti ndogo ndogo zinazojificha ndani ya sauti moja nene. Kwa lugha ya mtaani: ukiusikiliza unajiona umeingia ndani ya kengele.

Baba wa mambo hayo duniani ni Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa hapa Dodoma, aliyekwenda kufanya kazi Bagamoyo kwenye Chuo cha Sanaa na kufariki Desemba 2003. Mwaka 1996 albamu yake ya Chibite ilitolewa na Real World, lebo ya Mwingereza Peter Gabriel. Mwaka 2002 akatoa nyingine na Michael Brook, inaitwa Assembly, hiyo ina magitaa na vikorombwezo vya studio. Mimi nawaambia waziwazi: anza na Chibite. Assembly ni nzuri, lakini inakuwa kama ugali wa uwele uliopakwa siagi. Kwenye Chibite yupo mzee mwenyewe, sauti inashuka mpaka kifuani kisha inaruka juu kama ya mtoto, na kamba za zeze zinalia pembeni. Mimi Kigogo changu ni cha kuombea maji tu, kwa hiyo maneno mengi yananipita. Na ndiyo raha yake. Wimbo usioelewa maneno yake hauwezi kukudanganya.

Hapo ndipo nilipomjibu dada wa Nkuhungu. Nilimwambia asianze na wimbo wa furaha. Aanze na ilimba tupu, sauti ya chini, wakati anavua viatu na kubandika maji ya chai. Kazi ya dakika hizo kumi ni kuondoa ule ukimya tu, siyo kumfanya acheke.

Baada ya hapo ndipo waingie wanawake. Kuna kina dada wawili wanaitwa The Zawose Queens, Pendo na Leah. Pendo ni binti wa marehemu Hukwe, Leah ni mjukuu wake. Kwa desturi ya zamani mwanamke kwenye kikundi kama kile aliimba kuitikia na kucheza, ilimba na zeze zilikuwa mali ya wanaume. Hawa wakasema hapana, wakashika vyombo wenyewe, wakatunga wenyewe, na mwaka 2024 wakatoa albamu yao, Maisha, kwa lebo ile ile ya Real World. Jamani! Sauti mbili zinakwenda kama watu wanaopokezana ndoo ya maji, hakuna tone linalomwagika. Niliusikiliza mara ya kwanza nimesimama Jamatini nasubiri daladala, jua la saa nane, upepo unatupiga mchanga usoni, na nikaiacha daladala ya kwanza ipite kwa hiari yangu. Anayeijua Jamatini saa nane ataelewa uzito wa jambo hilo.

Msafiri Zawose naye ni mtoto wa mzee. Yake inaitwa Uhamiaji, ya mwaka 2017, ilitoka kwa lebo ya Soundway ya Uingereza. Hiyo ni ya safari ya usiku. Ina mashine za kisasa ndani lakini ilimba haijamezwa.

Sasa msinielewe vibaya nikaonekana kama mzee wa kijiji. Kuna asubuhi mtu unahitaji kuchapwa kofi. Hapo mimi nakimbilia Jagwa Music, wana mchiriku wa Dar walioanza mwaka 1992. Kinanda kidogo cha Casio, ngoma, spika mbovu ya kushika mkononi, basi. Miaka mingi mchiriku ulionekana muziki wa wahuni, redio zikaupa kisogo, wenyewe wakasambaa kwa kanda na kwa kesha za uswahilini. Mwaka 2012 lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu yao ya Bongo Hotheads, na ghafla wale wale waliokuwa wakiziba masikio wakaanza kusema ni urithi wetu. Kha! Mchiriku wa saa kumi na mbili asubuhi haukubembelezi, unakutoa kitandani kwa nguvu kama mama mwenye nyumba tarehe mosi. Ukitaka kitu chenye tabasamu zaidi, watafute Wamwiduka Band wa Mbeya, wapiga muziki wa barabarani, wana babatoni yao, lile besi la kienyeji. Sijawahi kumrushia mtu video yao akabaki amenuna.

Hili la kurushiana ndilo ninalotaka kulisemea vizuri, maana nadhani tumelipoteza kidogo.

Mjomba wangu alikuwa kijana miaka ya mwanzo ya 1990. Enzi hizo redio ya Tanzania Bara ilikuwa moja tu, RTD, na bendi zilikuwa zikirekodi kwenye studio zake. Ukitaka nyimbo zako unazozipenda unanunua kanda tupu, unaandika orodha kwenye karatasi, unaipeleka kwenye kibanda cha kurekodi, jamaa anakujazia upande A na upande B. Mjomba anasema orodha ile mtu alikuwa anaiwaza siku tatu. Wimbo gani ufungue, upi ufunge, upi uwekwe katikati ili binti akifika hapo ajue kaandikiwa yeye. Kanda ikijikunja unaizungusha kwa kalamu ya BIC. Mjomba alimpata shangazi kwa kanda ya dakika 90. Shangazi anakanusha, anasema ni kwa sababu ya posho, lakini kanda yenyewe kaifunga kwenye kitambaa sandukuni mpaka leo na hana cha kuipigia.

Sasa hivi unaingia kibanda cha simu pale Sabasaba, unatoa memori kadi na buku yako, kijana anamwaga nyimbo mia tatu kwa mpigo. Huzijui, hukuchagua, na hujui aliyeimba kwa sababu faili limeandikwa “track 07”. Ukirudi nyumbani unasikiliza nne, ambazo ni zile zile za redioni. Mimi sisemi kanda irudi. Ila kuna tofauti kati ya kupakiwa nyimbo kama viazi na kupewa wimbo mmoja na mtu anayekujua, akakwambia: huu sikiliza peke yako, usiku, sauti iwe ndogo.

Kwa hiyo tumeanzisha kamchezo na washikaji zangu wa Chang'ombe. Kila Jumapili jioni tunakutana Nyerere Square, kila mtu anamrushia mwenzake wimbo mmoja tu. Masharti mawili: usiwe umeusikia redioni wiki hiyo, na lazima utaje jina la aliyeimba. Fundi simu, muuza zabibu, mwanachuo wa UDOM, konda mmoja mkorofi. Huyo konda ndiye aliyetuacha hoi. Kumbe kwao ni vijijini Chamwino, na kwenye simu yake ana nyimbo za Kigogo alizozirekodi mwenyewe kwenye sherehe za ukoo, akina mama wanapiga muheme, ile ngoma inayobanwa mapajani. Zinatisha kwa uzuri. Tukamuuliza mbona kwenye gari lake hatujawahi kuzisikia? Akasema abiria wakisikia Kigogo wanaanza utani wa omba-omba. Kila akiwasha gari anabadilisha.

Niliumia, sitaki kuficha. Kijana yuko Dodoma, kwao, kwenye ardhi ya babu yake, anaficha sauti ya mama yake kama mtu anayeficha gongo. Na muziki huo huo Mhispania Polo Vallejo ameacha kwao akaja kuusoma mpaka Nzali, miaka na miaka, mpaka ikatoka filamu ya Africa: The Beat mwaka 2011. Wenye macho wapo pia humu humu. Chamwino kuna Kituo cha Sanaa na tamasha la muziki wa Wagogo lililoanza mwaka 2009, na mtu wake ni Dakta Kedmon Mapana, ambaye baadaye akawa Katibu Mtendaji wa BASATA. Ukienda pale utaona vikundi vya vijijini vinaingia uwanjani kimoja baada ya kingine, hakuna mtu anayebadilisha stesheni. Kutoka mjini siyo safari ya kuomba ruhusa kazini.

Lakini hapa kuna mwiba. Konda alituambia pia kwamba mmoja wa wimbo wa mama zake aliwahi kuukuta mtandaoni, umewekwa na mtu asiyemjua, umechanganywa na midundo, jina la kijiji halipo, jina la kikundi halipo. Wale mama hawana habari. Nani kalipwa? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, inagusa hata sanaa za jadi, COSOTA wapo. Ila mama wa muheme hatapanda gari kwenda kuitafuta ofisi kwa sababu ya wimbo ambao hajui kama umeibwa. Kwa hiyo sharti letu la kutaja jina siyo mbwembwe. Na wale wanaouza, nunua japo kimoja. Nyimbo za akina Zawose ziko kwenye mitandao ya kulipia, bando ulilomaliza kutazama watu wakigombana lingetosha albamu nzima.

Dada wa Nkuhungu, nakujibu sasa mbele ya watu kama ulivyoniruhusu. Jumatatu na Jumanne, Chibite, ukiwa unavua viatu. Jumatano waite Pendo na Leah, na siku hiyo upike chakula kamili, siyo mkate na chai. Alhamisi Uhamiaji, taa imezimwa. Ijumaa asubuhi Jagwa, hata kama jirani atagonga ukuta, agonge kwa kufuata mdundo. Jumamosi usisikilize chochote nilichokutajia. Tafuta wimbo aliokuwa akiuimba mama yako akifagia au akisonga. Kama huukumbuki mpigie mama mdogo, atakuwa anaujua. Uimbe wewe kwenye simu uurekodi, hata kama sauti ni ya kukwaruza.

Ukiwa tayari, njoo nao Nyerere Square Jumapili. Konda amesema atakuja na wa mama yake, na safari hii hauzimi.

Na wewe unayesoma hapa huku umekunja gazeti kwapani, leta wako. Jina la wimbo, jina la mwimbaji, na saa ngapi usikilizwe. Mbukwa!