Siku ya Matembezi Maskati

Sisi wazazi wa Sumbawanga tujaaliwapo kuwazuru wana wetu wafanyao kazi Maskati, hutembezwa mji siku nzima. Asubuhi huonyeshwa Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ambao zulia lake kubwa lilifumwa na wanawake 600 wa Iran. Jioni, soko la Mutrah.

Uzuri wa zulia hilo ni jasho la mikono. Siku ya matembezi nayo ni jasho la mwana: ameiombea ruhusa kazini, na nauli ya teksi imetoka katika ujira uleule tuutegemeao nyumbani.

Basi, tusirudi Ufipa na picha na udi pekee. Kabla ya kuagana tumuulize: walala saa ngapi, una deni, waswali na nani? Kwa majibu yake tutajua la kumwombea kwa Mola, na la kuacha kumwagiza.