Mauaji Jukwaani: Wanaokataa Nawajibu

Hapa Dumila, njia panda ya Kilosa, sema tu kwamba mauaji ya Rudewa Mbuyuni yanastahili mchezo wa jukwaani, utaona nyuso zinavyokunjwa. Desemba 8, 2000, watu 38 waliuawa kijijini pale katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hayakuwa mauaji ya kimbari, na kuyaita hivyo ni kuwaonea watu. Ila hoja za kuyanyamazisha ni zilezile zinazotolewa kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, kwa hiyo majibu mengine nitayachota huko.

Wanasema mchezo utaamsha chuki. Anayesema hivyo hajakaa kilabuni jioni. Habari ya Mbuyuni inasimuliwa kila siku: mkulima anasimulia mfugaji wa Kimasai akiwa hayupo, na kule bomani kwa wafugaji inasimuliwa mkulima akiwa hayupo. Jukwaa lingewakalisha pamoja waisikie mara moja.

Halafu kuna namna ya kuigiza. Katika Hate Radio, mchezo wa mwongozaji Milo Rau (2011), ndani ya studio ya RTLM, redio iliyochochea mauaji ya Rwanda, iliyojengwa jukwaani hakuna panga linaloinuliwa. Watazamaji wanavaa hedifoni na kuwaangalia watangazaji nyuma ya kioo: wanataniana, wanapiga muziki, wanapokea simu, na baina ya wimbo na wimbo wanahimiza watu wauawe. Unaiona chuki ikitengenezwa, na unawaona wanaoitengeneza. Wanaoshtakiwa ni hao, kabila zima haliingizwi kizimbani. Mchezo wa Mbuyuni wa namna hiyo ungeuliza mipaka ya mashamba na malisho ilichorwaje, na malalamiko ya wanakijiji kuhusu rushwa yaliishia wapi. Nashuku hilo ndilo linaloogopwa hasa.

Wanasema pia kwamba maigizo ni uongo, na uongo ni kuwatukana marehemu. Mchezo wa Rwanda 94, kazi ya kundi la Groupov la Ubelgiji, unachukua karibu saa sita, na mwanzoni hakuna anayeigiza. Yolande Mukagasana, muuguzi aliyenusurika, ameketi kwenye kiti anasimulia yaliyomkuta yeye, mumewe na watoto wao. Uigizaji unakuja baadaye. Kwetu, Ebrahim Hussein alitamka wazi kwamba Kinjeketile wa tamthilia yake ya 1969 ni wa kubuni, na bado wanafunzi wangapi wamevifahamu vita vya Maji Maji kupitia tamthilia hiyo! Aliyekwambia kwamba amebuni hajakudanganya.

Eti haya ni mambo ya Wazungu? Mwandishi wa tamthilia Penina Muhando amezaliwa Berega, hapo jirani. Miaka ya 1980 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Mwanza, ambako wanakijiji walicheza matatizo yao wenyewe kisha wakayajadili. Hakuna Mzungu aliyehitajika.

Hoja ya mwisho, kwamba waliofiwa hawajaulizwa, naikubali. Wajane wa Mbuyuni wakikataa, mchezo usiwepo. Lakini wanaonitajia hao wajane mara nyingi ni watu ambao hawakupoteza mtu pale. Mkutano wa kijiji upo. Waulizwe humo, na wafugaji wa kijiji cha Twatwatwa nao waalikwe, waseme wangependa nani aigize sehemu yao.