Kuku unamchanja, wewe unanunua kadi?

Leo tuache mbolea. Nawaandikia ninyi mnaovusha mchele na mahindi kwenda Uganda na Congo.

Kuku wako unamchanja kideri kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni. Mtu akikuambia, "Nipe hela nikuandikie kuwa wamechanjwa," utamfukuza, maana unajua karatasi haizuii kideri. Lakini ikifika safari yako mwenyewe, unamtafuta kijana wa stendi akuuzie kadi ya njano yenye mhuri, bila sindano. Hapo umemdanganya nani? Mpakani unaweza kupita. Mbu hasomi kadi.

Homa ya manjano haina dawa ya kuiponya. Ukiugua, daktari anakuongezea maji na kupunguza homa, mengine ni mwili wako. Mbu wanaoieneza huuma mchana, kwa hiyo usijitetee kwamba unalala kwenye chandarua. Mwaka 2016 ugonjwa ulipolipuka Angola, wasafiri waliubeba hadi Congo, Kenya na hata China. Kwa hiyo kadi ya kununua si siri yako peke yako. Ni hatari kwa mkeo, watoto wako na jirani zako.

Mnasema hamna muda. Sindano ni moja tu, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Ila kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo chanja kabla hujatafuta lori, siyo siku ya kupakia.

Mnasema mnaogopa madhara. Basi mwambie mtoa chanjo ukweli: mjamzito, unanyonyesha, una mzio mkali wa mayai, kinga yako imeshuka, au umevuka miaka 60. Asiyefaa kuchanjwa huandikiwa cheti cha msamaha wa kitabibu. Hata huyo hana sababu ya kununua.

Na wewe wa presha au sukari, beba dawa za siku zote na za wiki moja zaidi, kwenye pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Foleni ya malori haijali vidonge vyako vimeisha.

Mimi ni bwana shamba, si daktari. Uliza hospitali ya wilaya chanjo inatolewa wapi, uende. Mchele ukipotea, utalima tena msimu ujao. Wewe je?