Damu ya Utumbo na Picha ya Kwanza

Mgonjwa aliyeugua homa wiki tatu akifikishwa Makambako, mkoani Njombe, huku anatoa choo chenye damu, swali linalowahi ni hili: apelekwe wapi akapigwe CT? Sisi tunaona swali hilo linaulizwa mapema mno. Picha ya kwanza iwe ya ultrasaundi, ipigwe palepale kitandani, dripu ikiwa inakwenda na damu ya kumwongezea inatafutwa. Msimamo huu unatokana na magonjwa yenyewe. Homa ya matumbo huchimba vidonda mwishoni mwa utumbo mwembamba, na kwa kawaida huvujisha damu au kutoboa utumbo kuanzia wiki ya tatu. Kifua kikuu cha tumbo hupendelea eneo hilohilo. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliukuta Mkoa wa Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4; katika mkoa wa namna hiyo, kifua kikuu cha nje ya mapafu hakistahili kukumbukwa mwishoni. Ultrasaundi huonyesha ukuta wa utumbo ulionenepa, tezi zilizovimba kando ya mshipa mkuu, vidoa vyeusi ndani ya bandama na maji tumboni.

Itasemwa kwamba haionyeshi damu inayovuja. Ni kweli. Lakini hata CT huinasa damu hiyo ikiwa tu inavuja wakati dawa ya mshipani inapita, tena kwa kasi ya takriban mililita 0.3 kwa dakika au zaidi. Vidonda hivi huvuja, vikakoma, vikaanza tena; CT isiyoonyesha uvujaji haimwondoi mgonjwa hatarini. Pingamizi zito zaidi ni la ustadi: gesi ya utumbo huficha mengi, na mpimaji asiyezoea hupitwa na yaliyo wazi. Hilo tunalikubali, ndiyo maana ultrasaundi isiyoonyesha kasoro isitumike kamwe kuzuia rufaa. Na eksirei ya kifua, mgonjwa akiwa wima, ikionyesha hewa chini ya kiwambo, hapo hakuna haja ya picha nyingine. Anahitaji daktari wa upasuaji.

Rufaa ikihitajika, kutoka Makambako hadi mjini Njombe ni safari ya kilomita 60 hivi. Tunawaomba wanaoandika rufaa: barua ibebe majibu ya ultrasaundi, kundi la damu na hali ya VVU, ili anayempokea mgonjwa aanze kutibu bila kurudia maswali.