Aliyebusu Mkono na Mwenye Mkono



Wapo wasemao kwamba msanii aliyebaki nyumbani chini ya utawala wa mabavu, akainama ili apewe kazi, ni mtumishi tu wa utawala huo. Kwa kipimo hicho, Jiří Menzel, mwongozaji wa filamu wa Kicheki aliyefariki mwaka 2020, ana hatia. Sisi tunakikataa kipimo hicho.

Mwaka 1968, Menzel akiwa na umri wa miaka 30, filamu yake Ostře sledované vlaky ilipata tuzo ya Oscar. Agosti ya mwaka huohuo, majeshi yaliyoongozwa na Umoja wa Kisovyeti yaliivamia Chekoslovakia. Mwaka 1969 alitengeneza Skřivánci na niti, kutokana na hadithi za Bohumil Hrabal. Ndani yake twawaona watu waliopelekwa kufanya kazi kwenye uwanja wa vyuma chakavu ili wageuzwe fikra: profesa, mpiga saksafoni, na mpishi Msabato aliyekataa kufanya kazi siku ya Jumamosi kwa ajili ya imani yake. Wakubwa waliifungia filamu hiyo hadi mwaka 1990.

Wadhibiti hudai kwamba wanawalinda wananchi. Je, hapa waliwalinda na nini? Na kicheko? Na mpishi aliyemtii Mungu kuliko msimamizi wake?

Menzel alikaa miaka kadhaa bila kuongoza filamu. Mwaka 1974 alitoa filamu kuhusu wajenzi wa bwawa, ya kuuridhisha utawala, na mlango ukafunguka. Hatusemi kwamba kuinama ni fadhila. Lakini kupitia mlango huo, mwaka 1985 ilikuja Vesničko má středisková, filamu yenye upole na ucheshi kuhusu maisha ya kijijini. Miloš Forman alikwenda Marekani akang'ara huko, nasi twamheshimu. Hata hivyo, mamilioni waliobaki nao walistahili kuchekeshwa kwa lugha yao.

Utawala ulianguka mwishoni mwa 1989. Mwaka 1990 filamu iliyofungiwa ilitunukiwa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin, miaka 21 baada ya kutengenezwa. Miaka hiyo hakuna wa kuirudisha.

Wahenga walisema: mkono usioweza kuukata, ubusu. Basi, wapendwa, kabla ya kumhukumu aliyeubusu, tumuulize mwenye mkono ni nani aliyempa haki ya kuunyoosha.