Mafundi wa kompyuta, acheni kuuza kioo mahali panapokosekana piloti

Nyakabere, Uvira. Kuna neno ambalo limezoeleka sana kwa mafundi wetu, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu: "Kioo kimekufa." Mtu analeta kompyuta iliyokwisha kutumika Ulaya. Windows imewekwa upya, lakini nyuso za watu zimepanuka kama chapati, herufi ni kubwa kupita kiasi, na video inakatakata. Fundi anaangalia dakika mbili, anatingisha kichwa, anataja dola. Mwenye kompyuta anaenda kutafuta pesa, ama anamwachia fundi huyo huyo kwa bei ya bure. Siku chache baadaye kompyuta iko mezani kwa mtu mwingine, picha safi kabisa, na kioo ni kile kile.

Huo si ufundi. Ni ulaji.

Katika hali kama hiyo kioo ni kizima. Kinachokosekana ni piloti, yaani ile programu ndogo inayofanya Windows na kadi ya picha zielewane. Bila piloti ya kadi yenyewe, Windows inatumia piloti yake ya jumla. Hiyo inaonyesha picha ya msingi tu, mara nyingi kwa kipimo kisicho cha kioo chako, ndiyo maana picha inavutika. Tena kazi yote ya kuchora inaangukia prosesa, ndiyo maana video inakwama.

Anayebisha aende akaangalie michezo ya zamani ya DOS. Mwaka 1988, kabla sijazaliwa, kampuni ya Sierra On-Line ya Marekani ilitoa mchezo wa hadithi unaoitwa King's Quest IV. Ndani yake kulikuwa na mafaili madogo yanayoishia kwa herufi DRV, na kila faili lilikuwa piloti ya aina fulani ya kifaa. Mwenye kadi ya CGA aliona rangi 4. Mwenye EGA aliona rangi 16. Mwenye Hercules aliona rangi moja tu juu ya weusi. Hadithi ni ile ile, na michoro iliyo kwenye diski ni ile ile. Mwenye kadi ya EGA aliyechagua piloti ya CGA alijinyima rangi 12 bila kioo chake kuwa na kosa lolote.

Hadi leo wako watu wanaoandika piloti mpya kwa michezo hiyo, ili ipendeze zaidi. Iko pia programu ya bure inayoitwa ScummVM. Wachoraji wa zamani, kwa kuwa rangi zilikuwa 16 tu, walipanga vitone vya rangi mbili kwa kupokezana ili jicho lizichanganye lenyewe. ScummVM inaweza kuondoa vitone hivyo na kuweka rangi iliyochanganywa kweli. Mchezo wa zaidi ya miaka 30 unapata sura mpya na hakuna aliyenunua kioo! Sisi hapa tunatupa kompyuta ambayo haijafikisha hata miaka 15.

Wanaoumia ni akina nani? Ni shule inayochangisha wazazi ili wanafunzi wasifanye somo la kompyuta kwa kuchora kibodi ubaoni. Ni mama mwenye sekretariati ya kuchapa barua, ambaye kompyuta moja ndiyo shamba lake. Na tusisahau kwamba koltani ya Kivu hii ndiyo inatoa tantali inayowekwa ndani ya mashine hizo. Inatoka kwetu kwa bei ya chini, inarudi imevaa plastiki, kisha tunaambiwa tuitupe kwenye takataka.

Sikatai kwamba vioo vinakufa. Kuna vilivyopasuka, kuna vilivyoingia maji, na umeme wetu tunaujua. Lakini kuna njia ya kupima, tena haina gharama. Washa kompyuta, angalia alama ya kiwanda inayotokea kabla Windows haijaanza. Kama mistari na madoa vipo tangu hapo, tatizo ni kioo, waya au kadi. Kama hapo pako safi na ubaya unaanza Windows ikishafunguka, shuku piloti kwanza. Unaweza pia kuunganisha kioo cha jirani: ubaya ukihamia huko, kioo chako hakina kosa.

Mafundi wengine wanajitetea kwamba megabaiti ni ghali. Ni kweli ni ghali. Ila piloti ikishapakuliwa mara moja na kuwekwa kwenye flashi, inahudumia kila kompyuta yenye kadi hiyo katika mtaa mzima. Mwombe mteja pesa ya megabaiti na ya jasho lako, hakuna atakayekulaumu. Usimwombe pesa ya kioo.

Kwa hiyo ninawaomba maprefe wa shule na wazazi: kabla ya kutoa hata dola moja, mwambieni fundi afungue Gestionnaire de périphériques mbele yenu, pale penye kadi ya picha. Akikuta imeandikwa Carte graphique de base Microsoft, hapo piloti ya kadi haijawekwa. Kisha aangalie namba ya utambulisho wa kadi: VEN_8086 ni Intel, VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD. Akikataa kufungua, chukueni kompyuta yenu muende kwa fundi mwingine.